Kusomea Kiingereza na uandishi bunifu: Iringa, Dar, Malawi au ng'ambo? Naomba ulinganisho

Binti wa Uyole

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya HGL, kwa sasa nipo nyumbani Uyole. Kiingereza nimepata B, Historia C, Jiografia D. Divisheni wani ya pointi 9. Kidato cha nne nilisoma pia fasihi ya Kiingereza kama somo la hiari, nikapata C.

Ninachokitaka ni shahada ya Kiingereza yenye mkazo wa uandishi bunifu, hasa hadithi fupi na tamthilia. Naandika tangu kidato cha pili na sitaki tena kiwe kitu cha pembeni, nataka kufundishwa. Tatizo ni kwamba nikifungua tovuti za vyuo vya Mbeya na Iringa naona Kiingereza kimewekwa ndani ya ualimu karibu kila mahali. Shahada yenye jina ninalolitafuta naiona Marekani na Uingereza. Baba anataka niombe Mkwawa nisomee ualimu. Mjomba anasema Dar. Mwalimu mmoja shuleni alinitajia Malawi.

Naomba mliopita njia hizi mnilinganishie: vigezo vya kuingia, kinachosomwa hasa ukishaingia, na kama kweli kuna mtu anakufundisha kuandika. Mkigusia gharama nitashukuru, nyumbani uwezo ni wa kawaida. Baba analima viazi, mama ana genge.

Mwalimu wa Mafinga

Marahaba mwanangu, na hongera sana. B ya Kiingereza kidato cha sita haiokotwi.

Tuanze na pointi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Hiyo 9 yako ni hesabu ya NECTA (Baraza la Mitihani): A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, hivyo ndogo ndiyo nzuri. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanahesabu kwa kugeuza: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na wanataka masomo mawili yenye jumla isiyopungua 4.0. Wewe kwa Kiingereza na Historia tu una 7. D ya Jiografia isikunyime usingizi.

Ukishavuka hapo, kila shahada ina sharti lake la ziada. Zinazohusu Kiingereza kwa kawaida zinataka uwe umefaulu Kiingereza chenyewe kwa kiwango cha prinsipo, yaani A hadi E. Pakua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tafuta chuo, soma sifa za kuingilia neno kwa neno. Maombi unapeleka chuoni moja kwa moja, na ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja tu. Usimlipe mtu yeyote wa mtaani anayejidai atakuombea.

Kuhusu njia yenyewe, mimi nasimama na baba yako. BA na Elimu ni miaka mitatu. Unatoka na masomo mawili ya kufundishia, na sekondari zetu zote zinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa somo hilo hakosi pa kushika hata kama ni shule ya binafsi kwa kuanzia. Mwandishi naye anakula. Na darasani utakutana na watu wa kila namna ambao hutawapata kwa kujifungia chumbani na daftari.

KihesaMjini

Kamwene wote. Nimesoma BA na Elimu hapa Iringa, Kiingereza na Kiswahili, na nafundisha sasa. Mwalimu wa Mafinga amesema kweli kuhusu ajira ila kuna jambo ambalo lazima mdogo wetu alijue kabla hajaamua.

Kwenye BA na Elimu mzigo unagawanyika mafungu matatu: kozi za elimu (saikolojia, mitaala, mbinu za kufundishia, tathmini), somo la kwanza na somo la pili. Kwa hiyo Kiingereza chote ni kama theluthi moja ya unachosoma. Halafu hiyo theluthi yenyewe inagawanyika tena: isimu na fasihi. Fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, hizo zitakula nafasi kubwa. Fasihi inabaki kozi chache. Uandishi bunifu ukiupata, ni kozi moja, tena ya kuchagua, na isipofikisha wanafunzi wa kutosha inaweza isifundishwe mwaka huo.

Sisemi hivyo kukukatisha tamaa. Isimu ilinifaa sana. Hadi leo nikisoma mazungumzo kwenye hadithi najua kwa nini yananata au hayanati. Lakini mtu anayeingia akidhani atakaa darasani akiandika hadithi atapata mshtuko muhula wa kwanza.

Fanya hivi. Chukua orodha ya kozi za kila chuo unachokifikiria, ichape, kaa na kalamu. Kila kozi iandikie herufi pembeni: I kwa isimu, F kwa fasihi, U kwa uandishi, E kwa elimu. Jihadhari na "stadi za mawasiliano", hiyo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaisoma, ni mambo ya kuandika ripoti na kunukuu vyanzo, usiihesabu kuwa U. Kisha hesabu herufi. Utaona shahada mbili zenye jina moja zinatofautiana kabisa kwa ndani.

Kwa huku kwetu, Mkwawa (MUCE) ni chuo kishiriki cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) tangu 2005, nguvu yake ni ualimu. RUCU (Chuo Kikuu cha Katoliki Ruaha) na Chuo Kikuu cha Iringa wanatoa pia ualimu wenye Kiingereza, na hawa wa Iringa wana shahada ya uandishi wa habari ambayo watu wanaisahau katika mjadala huu. Mbeya kuna TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji) na Chuo Kikuu cha Katoliki, nako ni ualimu. MUST ni sayansi na teknolojia, hapo usipoteze muda.

Mnyalu Ughaibuni

Nawasalimu kutoka mbali, kwetu ni Iringa, Ipogolo. Nimesoma Kiingereza na uandishi bunifu Marekani, na kwa kuwa dada ameuliza kinachosomwa hasa, nieleze kwa kirefu. Wengi wanadhani ni miaka minne ya kuandika hadithi tu.

Kwanza huingii ukiwa umeshachagua. Unadahiliwa chuoni, unasoma masomo mchanganyiko (hesabu kidogo, sayansi, historia, lugha ya kigeni), na somo kuu unalitangaza kufikia mwisho wa mwaka wa pili. Shahada nzima ni kama krediti 120. Somo kuu la Kiingereza linachukua takriban krediti 30 hadi 36, yaani kozi kumi hadi kumi na mbili za krediti tatu. Na katika hizo, warsha za uandishi ni tatu au nne tu. Zilizobaki zote ni kusoma: utangulizi wa fasihi, mbinu za uhakiki, fasihi ya Uingereza, fasihi ya Marekani, na karibu kila idara inakulazimisha kozi moja au mbili za kazi zilizoandikwa kabla ya 1800. Ndipo nilipokutana na Shakespeare na Milton kwa mapana. Mwisho kuna tasnifu ya ubunifu: mkusanyiko wa hadithi au mashairi, pamoja na maelezo ya kitaaluma kuhusu ulichokuwa unakijaribu.

Warsha zina ngazi. Ya utangulizi inachanganya hadithi, ushairi na pengine insha bunifu. Ya kati unachagua utanzu mmoja. Ya juu mara nyingi huingii hivi hivi, unapeleka kurasa 10 hadi 20 za kazi yako na mwalimu anachagua. Darasa ni watu kumi na kitu.

Warsha yenyewe inakwenda hivi. Wiki moja kabla unagawa nakala ya hadithi yako kwa wote. Kila mmoja anaisoma nyumbani na kalamu, anaandika pembeni, na chini anakuandikia barua ya ukurasa mmoja. Siku ya darasa wewe mwandishi hufungui mdomo. Wanaijadili mbele yako kama vile haupo: wapi walipotea, mhusika gani hawakumwamini, aya ipi waliirudia kwa raha. Mkono unawasha kutaka kueleza kwamba "nilimaanisha hivi", na huruhusiwi. Mwisho ndipo unauliza maswali mawili matatu. Kisha unaenda kuandika upya, na alama zako zinategemea sana hilo andiko la pili.

Utaratibu huu ulienea kutoka chuo cha Iowa, warsha yao ilianza 1936, na Mwafrika wa kwanza kuhitimu pale alikuwa Taban lo Liyong mwaka 1968. Si mgeni kwa Afrika Mashariki.

Vigezo vya kuingia: matokeo yako ya NECTA ya kidato cha nne na cha sita, mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS, insha binafsi, barua za walimu. SAT, mtihani wao wa kuombea chuo, vyuo vingi wameifanya hiari, vingine wameirudisha, angalia kimoja kimoja. Fedha ndiyo mlima. Ada za kule usizipige kwa shilingi, utaumwa kichwa. Vyuo vinavyosoma maombi ya mwanafunzi wa kigeni bila kutazama uwezo wake wa kulipa, kisha vikamlipia pengo lote, ni vichache sana: Harvard, Yale, Princeton, Amherst na vingine vya kuhesabu kwa vidole. Ushindani wake ni wa dunia nzima. Na viza ya mwanafunzi siku hizi imekaza kwetu, kwa hiyo kabla ya kulipia chochote soma tangazo la ubalozi la wiki hiyo.

Baba wa Igawilo

Mimi ni mzazi, nina binti wa umri huohuo. Maelezo ya huyu kijana wa ughaibuni ni mazuri lakini naomba tuwe na huruma na mzazi anayelima viazi. Mtoto akisoma fasihi tupu, bila ualimu, bila sheria, bila uhasibu, akirudi nyumbani anaanzia wapi? Hata walimu sasa wanaitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Je huyu wa fasihi?

Dada wa Fasihi

Mzee wangu shikamoo. Swali lako ni la haki na nitalijibu kwa ninayoyajua.

Nimesoma fasihi UDSM, Mlimani, nimetokea Tukuyu. Pale kuna idara nzima ya fasihi, na pembeni yake idara ya sanaa bunifu yenye watu wa sanaa za maonyesho na filamu. Tofauti na ualimu ni kwamba fungu la elimu halipo, nafasi yote ile inajazwa na vitabu: riwaya ya Kiafrika, tamthilia, ushairi, nadharia za uhakiki, fasihi simulizi. Uandishi bunifu unafundishwa kama kozi ndani ya shahada. Kwa herufi za KihesaMjini, F zilikuwa nyingi sana na U chache. Kwa hiyo ukinilinganisha na Mnyalu, kwa upande wa usomaji tumekaribiana. Alichonizidi ni zile warsha.

Ajira: nimefanya kazi ya uhariri wa vitabu vya kiada, nimeandika miswada ya redio ya mashirika ya afya, sasa nahariri ripoti na kutafsiri. Wenzangu wako kwenye matangazo, asasi, maktaba, na wengine walirudi kusoma stashahada ya uzamili ya elimu wakawa walimu. Hiyo ya mwisho, mzee wangu, ndiyo inayonifanya nisiwe na hofu na shahada ya fasihi. Mlango wa ualimu haufungwi ukiamua kuufungua baadaye. Kurudi nyuma kutafuta miaka mitatu ya kusoma vitabu ukiwa na kazi, watoto na vipindi ishirini na kitu kwa wiki, ndiyo kazi ngumu.

Na jina la shahada tusilitukuze kupita kiasi. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, alikuwa mwalimu wa fasihi chuo cha Kent. Udaktari wake wa 1982 ulikuwa wa uhakiki. M.G. Vassanji aliyekulia Dar alisomea fizikia hadi udaktari. Hakuna kati yao aliyetunukiwa shahada ya uandishi bunifu.

Kasumulu Mpakani

Ndaga fijo kwa mada hii. Niongelee Malawi kwa kuwa nipo hapa mpakani na nimesoma ng'ambo ya Songwe.

Huyo mwalimu aliyekutajia Malawi nadhani alikuwa na Zomba akilini. Pale Chancellor College, ambayo tangu 2021 ndiyo Chuo Kikuu cha Malawi chenyewe, warsha ya waandishi ilianza 1970. Wanafunzi na wahadhiri walikuwa wanakutana, mashairi yanarudufishwa, yanasomwa na kuchambuliwa mbele ya wote, mkubwa na mdogo sawa. Washairi wengi wa Malawi wanaojulikana nje walipita kwenye chumba kile, tena enzi ambazo kuandika vibaya kuhusu serikali kulimpeleka mtu jela. Ule ni urithi mkubwa na ni wa majirani zetu kabisa.

Lakini usidhani Zomba ni karibu kwa sababu Kyela ni karibu. Unavuka Kasumulu, Karonga, Mzuzu, Lilongwe, ndipo uteremke kusini. Ni mbali kuliko Dar. Kuna chuo cha Mzuzu njiani ila uzito wake ni ualimu na fani nyingine. Vigezo vyao vimejengwa juu ya cheti chao cha sekondari, ufaulu wa daraja la krediti kwa masomo sita, Kiingereza kikiwemo, na mgeni anaomba kwa utaratibu wake na kulipa ada ya mgeni. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) kwa kawaida ni wa vyuo vya ndani, hivyo hiyo ada ni mfuko wa nyumbani. Halafu ukienda kusoma nje pitia TCU wakupe cheti cha kutokuwa na pingamizi, usije ukahangaika wakati wa kuitambulisha shahada.

Kwa kifupi, Malawi ina historia nzuri ya uandishi lakini kwa mtoto wa mkulima ni ghali kuliko Iringa bila kumpa jina la shahada analolitaka.

Mama Neema Njombe

Samahanini kwa kuingilia. Nami nina ndoto hiyohiyo ila umri umekwenda, nina duka la pembejeo hapa Njombe na watoto wawili. Kidato cha sita nilipata E ya Kiingereza na S ya Historia. Nimeambiwa mara mbili kwamba chuo nisahau.

Mwalimu wa Mafinga

Dada Mama Neema, usisahau. E ni pointi 1 na S ni nusu, jumla 1.5. Hiyo ndiyo sifa ya kuingia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, OUT. Unasoma, unatakiwa upate GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenye masomo sita ya msingi na angalau C tatu za kundi lako, kwako ni sanaa. Ukifika hapo unaomba shahada kama wengine. OUT wana vituo mikoani, huku Nyanda za Juu Kusini wapo, duka halifungwi. Nenda kituoni ukiwa na vyeti vyako mkononi uwaulize shahada zao za lugha na fasihi kwa mwaka huu.

Nimefundisha watu wazima. Wanaosoma kwa hamu yao wenyewe hawahitaji kusukumwa.

Binti wa Uyole

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimefanya zoezi la kalamu la kaka KihesaMjini kwa orodha nilizozipata. Kwenye ualimu E na I zimejaa ukurasa, F zipo, U sikuipata kabisa kwenye orodha mbili. Kwenye fasihi F zimejaa.

Nina maswali mengine. Kwanza, Uingereza ikoje, maana mmeiruka. Pili, hayo makusanyo ya kurasa 10 hadi 20 nayapata wapi kama hakuna aliyewahi kuichambua kazi yangu? Rafiki zangu wakisoma wanasema "nzuri" basi. Tatu, mkopo: nikichagua fasihi badala ya ualimu nitapata?

Mnyalu Ughaibuni

Uingereza ni tofauti na Marekani kwa jambo moja kubwa: unachagua somo siku ya kuomba, kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, na unalisoma hilohilo tangu mwaka wa kwanza. England miaka mitatu, Scotland minne. Shahada za "fasihi ya Kiingereza na uandishi bunifu" ziko nyingi, na zinataka uwe umefaulu vizuri somo la Kiingereza lenye fasihi ndani. Lako la kidato cha sita lina karatasi ya lugha na karatasi ya fasihi, kwa hiyo lieleze hivyo kwenye maombi, wao hawajui. Baadhi watakuambia uanze na mwaka wa msingi, ambao ni ada nyingine. Chuo cha East Anglia ndicho kilichoanzisha shahada ya uzamili ya uandishi bunifu pale Uingereza, 1970. Nikuambie ukweli, ufadhili wa shahada ya kwanza kule ni mdogo kuliko wa uzamili. Kama unaiwaza Uingereza, iwaze kwa baadaye, ukiwa na shahada ya kwanza ya hapa na kazi zilizochapishwa.

KihesaMjini

Mkopo: HESLB wanaangalia uhitaji wa familia, na wana vipaumbele vya fani vinavyobadilika, kwa hiyo soma mwongozo wao wa mwaka huu kabla ya kuomba. Ualimu wa sayansi huwa juu. Kati ya ualimu wa sanaa na fasihi tofauti si ya kukufanya ubadili ndoto. Kinachowaangusha wengi ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, fomu isainiwe serikali ya mtaa, usisubiri wiki ya mwisho. Bumu likitoka linasaidia, ila Dar chumba na nauli vinakula sana. Iringa unaishi kwa nusu ya wasiwasi, chumba Kihesa na miguu yako inakufikisha.

Dada wa Fasihi

Nijibu la potifolio, yaani hayo makusanyo ya kurasa za kazi yako, maana hilo ndilo la maana kuliko yote uliyouliza.

Usisubiri chuo. Tafuta watu watatu au wanne wanaoandika, si wanaokupenda. Fuateni utaratibu uleule aliousimulia Mnyalu: nakala wiki moja kabla, mwandishi ananyamaza, kila msomaji anaandika barua. Mpigieni mwandishi mstari chini ya kila sentensi mliyoiamini. Nilipoanza hivyo hosteli Mlimani, hadithi yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na mistari minne tu kwenye kurasa tisa, na yote minne ilikuwa sehemu bibi anapopanga ndizi kwenye kikapu kwa ajili ya mnada. Kwingine kote nilikuwa nahubiri. Ndipo nilipojua nianzie wapi kuandika upya.

Kisha peleka kazi nje. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo tangu 2022, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ni ya Kiswahili. Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola haina kiingilio, inataka maneno 2,000 hadi 5,000, kuanzia miaka 18, na inapokea Kiswahili pia mbali na Kiingereza. Hata usiposhinda, tarehe ya mwisho inakulazimisha kumaliza.

Na hapa naomba nisimame kidogo, mdogo wangu. Umeuliza Kiingereza, nakuheshimu. Ila usiache kuandika Kiswahili kwa sababu tu shahada ni ya Kiingereza. Mazungumzo ya genge la mama yako hayakusemwa kwa Kiingereza. Andika kwa zote mbili, uone ipi inakupa mistari mingi chini.

Mwalimu wa Mafinga

Hapo Dada wa Fasihi nakubaliana naye kabisa. Na nikiri hesabu ya herufi imenigusa. Nilidhani tofauti ya fasihi kati ya shahada hizi ni ndogo kuliko ilivyo. Bado naushika ualimu kwa familia isiyo na akiba, lakini kama mtoto ana B na kiu ya namna hii, na mlango wa stashahada ya uzamili upo, baba yake ana cha kutafakari. Binti, mchapie baba hizo orodha ulizoandika kwa kalamu, kaa naye mzipitie.

Baba wa Igawilo

Na mimi nimeelewa zaidi. Binti yangu naye nitampa hiyo kalamu. Swali moja la mwisho kwa mlio Dar: usalama wa hosteli kwa mtoto wa kike anayetoka mkoani ukoje?

Dada wa Fasihi

Mzee, mwaka wa kwanza aombe hosteli za chuo mapema sana, mara tu udahili ukithibitishwa, kwa kuwa nafasi huisha. Akikosa, asipange peke yake. Watafutane wa kutoka mkoa mmoja, wapange karibu na chuo, na mzazi aje kuona chumba kabla ya kulipa kodi.

Binti wa Uyole

Nimekaa na baba jana jioni na zile karatasi. Alizisoma zote, akauliza kila herufi. Tumekubaliana hivi: maombi ya kwanza fasihi Dar, la pili ualimu wa Kiingereza na Historia Mkwawa, la tatu ualimu Iringa chuo kingine. Marekani nitaomba mwakani vyuo viwili tu vya ule ufadhili kamili, nikiwa tayari nasoma hapa, na tukisikia hali ya viza. Uingereza na Malawi naziweka kando.

Kuhusu kikundi: tupo wawili Uyole na mmoja Mwanjelwa. Tunahitaji wa nne. Kuna mtu humu yupo Mbeya anayeandika?

SokoMatola

Mimi nipo, nafuatilia uzi huu tangu mwanzo bila kuchangia. Naandika tamthilia, nafanya kazi stendi. Jumamosi mchana huwa nina nafasi. Maktaba ya mkoa panafaa, kuna utulivu. Leteni hadithi zisizozidi kurasa nane, na nakala zinifikie Jumamosi ya kabla yake ili nizisome vizuri. Anayeanza awe Binti wa Uyole, kwa kuwa ndiye mwenye maombi.